Kuaishou: Watazamaji waongezeka, hisa zaporomoka

Mwekezaji mdogo aliyenunua hisa 100 za kampuni ya Kuaishou katika Soko la Hisa la Hong Kong wakati soko likifungwa Februari 5, 2021 alilipa dola 30,000 za huko. Hadi kufunga mwaka 2024, hisa hizo hazikufikia hata dola 5,000. Linaloshangaza ni kwamba katika muda huo biashara ya kampuni haikudidimia, bali ilikua.

Kuaishou, yenye makao yake Beijing, huendesha programu ya video fupi za simu iliyopata umaarufu zaidi katika miji midogo na vijiji vya China. Mshindani wake mkubwa ni Douyin, mali ya ByteDance, kampuni iliyoanzisha pia TikTok. Hadi mwaka 2025 ByteDance haikuwa imeuza hisa zake kwa umma, hivyo waliotamani biashara hii waliikimbilia Kuaishou.

Hisa zilitolewa kwa dola 115. Maombi ya watu binafsi yalizidi fungu walilotengewa kwa zaidi ya mara 1,200, na wengi waliokosa wakaenda kununua sokoni. Siku ya kwanza bei ilifunguka kwa dola 338, ikafunga kwa 300, na kabla ya mwezi kwisha ilivuka 400.

Wengi wa wenye hisa wa zamani hawakuruhusiwa kuuza kwa miezi sita. Hilo halikuwa siri, kwani lilielezwa katika waraka wa matarajio, ambao kwa bahati mbaya wanunuzi wengi wadogo huwa hawausomi. Bei ilianza kuteremka mapema, serikali ya China nayo ikayabana makampuni ya intaneti, na zuio lilipomalizika Agosti 2021 hisa ilikuwa chini ya dola 115. Aliyeingia zamani kwa bei ndogo aliweza kuuza na bado akapata faida. Wa dola 300 hakuwa na pa kutokea.

Kasoro nyingine ilikuwa katika chanzo cha mapato. Mwaka 2019 asilimia 80 ilitokana na zawadi: mtazamaji hununua picha za maua au magari kwa fedha halisi, akamtuza mtumbuizaji anayeonekana moja kwa moja kwenye simu, kama watu wanavyotuza kwenye taarab, na kampuni ikakata chake. Fedha ya namna hiyo hufuata mapenzi ya watu.

Kufikia mwaka 2024 matangazo ya biashara yalileta asilimia 57 ya mapato na zawadi asilimia 29 tu. Watazamaji wa kila siku, waliokuwa kama milioni 265 mwaka 2020, walikaribia milioni 400. Faida ya kwanza ya mwaka mzima, yuan bilioni 6.4, ilipatikana mwaka 2023. Iliyofuata ilikuwa bilioni 15.3.

Matangazo nayo yana wagombeaji. Mbali na Douyin, yupo Tencent, mwenye hisa mkubwa ndani ya Kuaishou yenyewe, ambaye mwaka 2020 alianzisha huduma yake ya video fupi ndani ya WeChat na sasa anawafuata watangazaji wale wale.