Siku Altare Inapoachwa Tupu

Atakayeingia kanisa Katoliki Ijumaa Kuu saa tisa alasiri ataona kwanza vilivyoondolewa. Altare haina kitambaa wala mishumaa. Tabernakulo iko wazi, ndani hamna kitu. Kengele zimenyamaza tangu Alhamisi Kuu. Padre, amevaa mavazi mekundu, haanzi kwa wimbo; analala kifudifudi mbele ya altare, na waamini wote wanapiga magoti kimya. Kwa aliyezoea ngoma na vigelegele vya Jumapili, kimya hicho ni kizito.

Misa haisomwi siku hiyo. Komunyo hutolewa kwa hostia zilizowekwa wakfu jana yake, na kabla ya mageuzi ya Papa Pio XII mwaka 1955, padre peke yake ndiye aliyekomunika. Kanisa linajinyima hata kilicho bora kwake, kwa sababu Bwana wake amevuliwa kila kitu.

Lakini kwangu mimi, uzito wa siku uko kwenye maombi kumi yanayofuata somo la Mateso kutoka Injili ya Yohane. Wanaombewa Papa na wakatekumeni, kisha mlango unafunguliwa: Wakristo wa madhehebu mengine, Wayahudi, wasiomwamini Kristo, wasiomwamini Mungu kabisa, watawala, wagonjwa, wafungwa. Haikuwa hivyo daima. Kwa karne nyingi Ijumaa Kuu ilikuwa siku ya hofu kwa Wayahudi wa Ulaya, na sala ya Kanisa yenyewe iliwataja kwa neno la kuwadharau hadi Papa Yohane XXIII alipolifuta mwaka 1959. Anayeutazama msalaba ili apate wa kumlaumu ameupotosha. Ndiyo maana baada ya maombi kila mmoja huenda mwenyewe kuubusu, mkubwa kwa mdogo, foleni ikafika mlangoni.

Siku hizi tunaikimbia Ijumaa Kuu. Saa sita mchana simu zimeshajaa salamu za Pasaka, na Pasaka bado! Mfungo nao unawabana wenye umri wa miaka 18 hadi 59: mlo mmoja kamili. Nyama ni mwiko kuanzia miaka 14. Samaki ruksa, ingawa anayeagiza changu mzima wa kupaka ametii sheria tu, hajafunga.

Ukienda, beba sadaka: michango ya siku hiyo hupelekwa kuwasaidia Wakristo na kutunza maeneo matakatifu katika Nchi Takatifu.