Paka ameanza kulia usiku? Panga pesa mapema
Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu, na wiki 9 baadaye una watoto wa kulisha. Kumfunga kizazi unalipa mara moja, basi. Dume huwa bei ya chini.

Tunakushauri uulize bei kwa madaktari wa mifugo wawili watatu. Ukiwa Nairobi, jaribu pia KSPCA. Uliza kama nusukaputi na dawa za maumivu zimo kwenye hiyo bei. Kisha weka akiba kidogo kidogo kila wiki.

Ukiambiwa utume kitu kidogo cha kushikilia nafasi kwa namba ya mtu binafsi, ngoja kwanza. Omba Till ya kliniki, soma jina kabla ya kukamilisha malipo. Meseji usiifute, hiyo ndiyo risiti yako.