Masharti ya Dawa na Ubongo wa Kadogo

Vita vya Salamabila, katika teritwari ya Kabambare, mashariki mwa Kongo, vinanuka dhahabu. Mgodi wa Namoya, uliokuwa ukiendeshwa na kampuni ya Banro ya Kanada, uko hapo hapo, na kwa miaka mingi wapiganaji wa kundi la Mayi-Mayi Malaika wamegombana, wakapatana, kisha wakagombana tena na kila aliyekuja kuchimba. Huku Maniema kusini, toka Kasongo hadi mpakani na Fizi, hakuna anayeuliza kadogo, mtoto mpiganaji, ni nani. Jina hilo lilienea 1996, jeshi la waasi la AFDL la Laurent-Désiré Kabila lilipovuka nchi na watoto waliobebeshwa bunduki.

Hadithi za kadogo husimuliwa kwa sifa za aliyethubutu: aliyetangulia mbele, aliyefyatua wa kwanza. Wanasayansi wa ubongo wangemtafuta yule mwingine, aliyeshusha mtutu, au aliyekaa kimya miezi kadhaa akihesabu zamu za walinzi mpaka akapata usiku wa kutoroka. Kwa ubongo wa mtoto, hiyo ndiyo kazi nzito.

Ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala. Inatambua hatari upesi na kuuamsha mwili kabla mtu hajafikiri. Breki ziko mbele, nyuma ya paji la uso, na sehemu hiyo ndiyo inayochelewa kukomaa kuliko karibu zote: huendelea kujengeka hadi mtu anapokaribia miaka 25. Tena breki za kijana hulegea akiwa mbele ya wenzake. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg, wa Chuo Kikuu cha Temple huko Marekani, waliwachezesha vijana wa miaka 13 hadi 16 mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Walipotazamwa na rafiki zao, walijihatarisha zaidi kuliko walipokuwa peke yao. Watu wazima hawakubadilika hivyo. Makamanda wa msituni hawakuhitaji utafiti huo. Kadogo haachwi peke yake.

Lakini Mayi-Mayi wenyewe hufundisha kujizuia, na hapa ndipo mambo yanaponivutia zaidi. Dawa ya vita, maji yanayosadikiwa kuzuia risasi, ina masharti: usiibe, usilale na mwanamke, usiguswe na mtu asiyenyunyiziwa maji, usile chakula fulani. Ukivunja sharti, risasi itakupata. Mara nyingi watoto ndio wanaokabidhiwa kuitunza dawa hiyo na kuwanyunyizia wakubwa, kwa kuwa wanahesabiwa kuwa safi.

Ukiacha risasi kando, masharti hayo yana akili ndani yake. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba mtu aliyekata shauri mapema, kwa mtindo wa "likitokea hili, nitafanya lile", hutimiza nia yake kuliko aliye na nia njema tu. Uamuzi umeshafanywa kichwa kikiwa kimetulia, kwa hiyo breki dhaifu hazibebeshwi mzigo wote katika dakika ya moto. Taabu ya masharti ya msituni ni kwamba funguo zake anazo kamanda. Yeye ndiye anayesema leo kijiji fulani ni cha adui, na mtoto aliyezoea kutii sharti la kutoiba atatii vilevile amri ya kuchoma nyumba. Katharin Hermenau na wenzake, katika utafiti uliochapishwa 2013, waliwalinganisha wapiganaji wa zamani wa mashariki mwa Kongo: walioingia wakiwa watoto walionekana kuvutwa na ukatili wenyewe kuliko walioingia wakiwa wakubwa. Utii haukuwajengea breki.

Basi breki hujengwa na nini? Jibu moja linatoka Kamerun. Mwaka 2018 Bettina Lamm na wenzake walieleza jinsi walivyowawekea andazi watoto wa jamii ya Wanso wa miaka minne: ukingoja bila kulila, unapewa la pili. Karibu asilimia 70 walingoja. Kwa watoto wa Ujerumani, waliowekewa peremende, walikuwa asilimia 28. Mama wa Kinso humzoesha mwanawe utulivu tangu mchanga, na dhana kwamba subira ni mali ya watoto wa shule za Ulaya ikaanguka palepale.

Jibu la pili ni la Rochester, Marekani, 2013. Celeste Kidd na wenzake walianza kwa kuwaahidi watoto vifaa vizuri vya kuchorea. Wengine waliletewa, wengine wakaambiwa samahani, havipo. Ndipo wakapewa jaribio la kungoja peremende, kama lile la Wanso. Waliotimiziwa ahadi walingoja wastani wa dakika 12. Waliodanganywa, dakika 3. Kwa hesabu yao hawa wa pili hawakukosea, maana kumngoja mwongo ni hasara.

Mtoto wa Kabambare ameahidiwa mengi: na kundi, na serikali, na mashirika ya misaada. Inanikera kusikia mtu mzima akimhubiria subira huku yeye mwenyewe hajatimiza hata neno moja.

Msaada unaofaa upo. Mwaka 2013 John McMullen na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la mashariki mwa Kongo lililowahusu wavulana 50 wa miaka 13 hadi 17, wakiwemo waliokuwa kadogo. Katika vikao 15 vya pamoja walizungumza juu ya yaliyowapata na kufanya mazoezi ya kuutuliza mwili. Dalili za kiwewe na huzuni vilipungua, na ugomvi pia, na miezi mitatu baadaye nafuu ilikuwa bado ipo.

Halafu kuna shule. Tangu Septemba 2019 elimu ya msingi ya serikali Kongo imetangazwa kuwa ya bure, na vituo vya kufidia masomo hubana miaka sita ya msingi kuwa mitatu. Mvulana mkubwa aliyeiacha shule mapema anaombwa akae darasani miaka hiyo, akianza na silabi, wakati shimo la dhahabu linalipa jioni hiyohiyo. Kama atakaa au la, kwa hesabu ya Rochester, inategemea sana kama mwalimu atatokea Jumatatu, na mwalimu naye anangoja mshahara.