Saa ya Kopi: Ivae Ukipenda, Ila Usiiuze

Leo sikuletei mbinu ya kupiga picha wala ya kubusti posti. Leo nakusimulia jinsi saa moja ya kopi ilivyonipandisha kosta kwenda Marangu na jani la isale mkononi, kumwomba radhi mteja. Soma mpaka mwisho, hata kama wewe unauza viatu, pochi au manukato. Hili siyo la wauza saa peke yao.

Nianze na ukweli: mimi napenda saa za kopi. Ninazo kumi na moja kwenye kopo la biskuti. Jumapili nikitoka ibadani nazitandaza juu ya kanga, nazifuta, nazitia majira, halafu navaa moja nashinda nayo. Ugonjwa huu nimeurithi. Babu yangu kule Kibosho alikuwa na Seiko aliyoinunua kwa hela ya kahawa, enzi zile malipo ya KNCU yakitoka mzee anarudi nyumbani na bati, redio au saa. Nikiwa mdogo alikuwa ananiwekea ile saa sikioni nisikie inavyogonga.

Saa halisi za Uswisi mimi siziwezi, tuwe wakweli. Kopi ndiyo iliyonifundisha. Kwa mfano Rolex Submariner ilitoka mwaka 1953 kwa ajili ya wazamiaji, na ile ringi ya juu inayozunguka ni ya kumhesabia mzamiaji dakika alizokaa chini ya maji. Mimi nipo Moshi mjini, bahari naiona nikienda Tanga, lakini nimejua ringi ile inafanya nini kwa sababu ya kopi ya shilingi 25,000. Nimeifungua, nimeiharibu, nimeirudishia. Saa ya mamilioni huwezi kuichezea hivyo. Kwangu kopi ni daftari la mazoezi.

Mpaka hapo hakuna aliyeumia. Najua nilichonacho na simdanganyi mtu. Shida ilianza siku niliyopiga picha moja ya zile saa nikaiweka status.

Picha ilipendeza. Ndani ya nusu saa watu wanne wameuliza bei. Nikaagiza mzigo Kariakoo, saa kumi na mbili. Nilinunua kwa 30,000 moja, nikauza kwa 85,000. Faida 55,000 kwa saa moja! Nilikuwa nauza vitenge mwezi mzima siioni hiyo hela. Nikajiona nimetoboa.

Mteja wa sita alikuwa kaka mmoja wa Marangu, anaongoza watalii mlimani. Akaniandikia: "Dada shikamoo na kazi. Hiyo saa ni OG? Nataka ya kupandia mlima." Nikamjibu haraka haraka huku napika: "OG kabisa kaka, haiingii maji." Maneno matano tu. Akalipa bila kuomba punguzo.

Sasa sikiliza kilichotokea huko juu.

Siku ya kwanza, kutoka geti la Marangu hadi Mandara, mnapita msituni. Mvua ikanyesha. Kufika kambini kioo kimejaa ukungu kwa ndani. Akasema itakauka. Siku zilizofuata wakalala Horombo, kisha wakafika Kibo, kwenye mita kama 4,700. Pale ndipo usiku wa kilele unapoanzia: kiongozi anawaamsha wageni kama saa tano usiku, wanakunywa chai, saa sita wanaanza kupanda gizani. Sababu ipo. Usiku zile kokoto zimeganda na baridi, zinakanyagika. Jua likishapanda zinalegea, unapiga hatua moja unarudi nusu.

Simu yake baridi ilishaimaliza chaji. Akaitegemea saa. Saa ikasimama saa tatu na dakika kumi. Yeye kila akiitazama kwa usingizi anaona bado mapema. Alikuja kushtushwa na kelele za kundi jingine linaloondoka. Walichelewa zaidi ya saa moja. Mgeni wake mmoja, mama mtu mzima aliyekuwa amejiandaa mwaka mzima, aliishia Gilman's Point akarudishwa kwa sababu muda ulikuwa umekwisha. Uhuru, mita 5,895, aliiona kwa mbali.

Kaka yule hakuja kwangu na polisi wala hakunitukana. Alifika, akakaa, akaiweka saa mezani. Akasema: "Dada, mimi sikununua saa. Nilinunua neno lako." Akanyamaza. Aisee, bora angenitukana.

Nilimrudishia 85,000 zake pale pale. Akaondoka hajakunywa hata maji. Jioni nikamsimulia mama. Mama akaniambia hela inarudisha hela, hairudishi mtu. Akakata isale nyuma ya nyumba, akanipa. Kwetu Uchagani ukimpelekea mtu jani la isale lililofungwa fundo, umekiri kosa na unaomba msamaha. Kesho yake nikapanda kosta hadi Marangu Mtoni, nikaulizia nyumba yake. Alilipokea. Lakini nakuambia, njia nzima nilikuwa nahesabu: wateja watano wa kabla yake, je? Nikawapigia mmoja mmoja. Wawili walirudisha saa nikawapa hela zao, mmoja aliniambia alishajua ni kanyaboya, mmoja alikata simu, mmoja hapatikani mpaka leo.

Sasa tuje kwenye somo.

Kwanza, nini kilikufa ndani ya ile saa?

Niliipeleka kwa fundi saa, mzee mmoja mjini aliyezeeka na kazi yake. Akafungua mfuniko wa nyuma, akacheka. Saa isiyoingiza maji ina mpira mwembamba unaozunguka mfuniko, na mwingine kwenye kile kitufe cha pembeni cha kurekebishia majira. Yangu ya nyuma haukuwepo, wa pembeni umekauka. Unyevu wa msituni ukaingia, ukafungiwa ndani, kule juu kwenye baridi ukageuka matone juu ya mashine. Betri nayo ilikuwa ya bei ya chini kabisa, na betri kwenye baridi kali inapungua nguvu.

Jambo lingine alilonifundisha: hata kwenye saa halisi, maandishi ya mita 30 maana yake ni kuvumilia matone unaponawa mikono, siyo kuogelea. Mita 50 ni kuogelea kidogo. Kuanzia mita 100 ndiyo unaogelea bila wasiwasi. Kwenye kopi namba hizo ni pambo tu, hakuna aliyezipima. Kwa hiyo ukiandika "haiingii maji" kwa kusoma maandishi ya kopi, unatoa ahadi usiyoijua.

Pili, "si nitasema tu kwamba ni kopi?"

Hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Baada ya lile tukio wazo langu la kwanza lilikuwa niendelee kuuza, ila niandike wazi "kopi" au "AAA". Kumbe kusema ukweli kunamlinda mteja, hakukulindi wewe. Tanzania tuna Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na msimamizi wake ni Tume ya Ushindani, ile FCC. Kosa ni kuuza, au kuweka kwa ajili ya kuuza, bidhaa yenye alama ya biashara ya kughushi. Mzigo unaweza kukamatwa na kuteketezwa. Posti uliyoandika "kopi ya Rolex" inakuwa ni wewe mwenyewe umejiandikia ushahidi. Na Facebook na Instagram nazo zinakataza kuuza bidhaa bandia, ukurasa uliojenga miaka mitatu unaweza kuondoka asubuhi moja.

Tofautisha lakini. Saa inayofanana sura na saa maarufu ila imeandikwa jina la kampuni yake yenyewe, kama Pagani Design au Invicta, siyo ya kughushi jina. Ile inatembea na jina lake. Yenye shida ni inayotembea na jina la mwenzake.

Tatu, basi mpenzi wa saa auze nini?

Ujuzi ule ule nilioupata kwenye kopi nimeuhamishia kwenye saa halali. Nanunua za mtumba za Kijapani, Memorial na Kiboriloni, na kwa watu wanaouza za wazee wao. Haya ndiyo ninayoyaangalia, chukua bure:

1. Casio F-91W, ile nyeusi ya plastiki iliyotoka mwaka 1989. Bonyeza kitufe cha kulia ukishikilie sekunde tatu. Halisi inaandika jina CASIo kwenye kioo. Siku hizi kuna kopi zinazoigiza hilo, kwa hiyo geuza nyuma pia utafute namba 593, ndiyo namba ya mashine yake.

2. Seiko za zamani zina namba ya utambulisho kwenye mfuniko wa nyuma. Nyingi zina tarakimu sita: ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka iliyotengenezwa, ya pili ni mwezi. Oktoba ni O, Novemba N, Desemba D. Ikianza na 7 na 3, ni Machi ya mwaka unaoishia na 7. Muongo unaujua kwa toleo. Mteja ukimwambia "saa hii ni ya Machi 1977", anaipenda mara mbili.

3. Seiko 5 nyingi za mtumba zimepakwa rangi upya usoni. Mashine ni ya kweli, uso ni mpya. Siyo dhambi, ila mwambie mteja.

4. Tazama mshale wa sekunde. Saa nyingi za betri zinaruka mara moja kila sekunde. Otomatiki ya kawaida ya Seiko inagonga mara 21,600 kwa saa, yaani sita kwa sekunde, kwa hiyo mshale unateleza. Ukiletewa "otomatiki ya Uswisi" ambayo mshale wake unaruka moja moja, usihangaike kuuliza swali la pili.

5. Usiweke sokoni saa ambayo hujalala nayo siku tatu. Itie majira na simu, ione inapoteza dakika ngapi. Andika.

Nne, hesabu.

Seiko 5 naipata kwa 40,000, fundi 10,000, nauza 75,000. Faida ni 25,000, haifiki hata nusu ya ile ya kopi. Mwanzoni iliniuma. Lakini ule mzigo wa saa kumi na mbili uliishaje? Niliuza sita. Tatu nikarudisha hela, na hizo tatu pamoja na sita zilizobaki siwezi kuziuza tena. Nilinunua kwa 360,000, nikabaki na 255,000 mkononi. Hasara ni 105,000, sijaweka nauli ya Marangu. Mbili niliziingiza kwenye kopo langu la biskuti, nyingine fundi anafundishia vijana wake.

Na posti zangu sasa hivi zinasomeka hivi, unaweza kuinakili:

"Seiko 5 ya mtumba, otomatiki, haitumii betri. Mashine ya asili, uso umepakwa rangi upya. Imesafishwa na fundi. Inapoteza kama dakika moja kwa siku. Usioge nayo. Waranti siku 30, ikisumbua rudisha. 75,000, mazungumzo yapo."

Mwanzo niliogopa kwamba nikitaja kasoro nitafukuza wateja. Kilichotokea ni kwamba maswali yamepungua. Zamani nilikuwa najibu watu ishirini kuuza saa moja, wote wanauliza "ni OG?" Sasa hawaulizi, nimeshawajibu.

Kopo langu la biskuti bado lipo. Jumapili bado nazitandaza. Mtu akija nyumbani akazitamani namwambia hizi haziuzwi, na namwambia kwa nini. Hata kwa wanaosafiri nina tahadhari: nchi kama Ufaransa wanaweza kukunyang'anya kopi forodhani hata kama umeivaa tu, kwa hiyo usimpe zawadi hiyo ndugu anayerudi Ulaya.

Desemba inakuja. Unajua Moshi ya Desemba: wenyewe wanarudi kutoka Dar, Mwanza na nje ya nchi, kila mtu anatafuta zawadi ya kumpandishia baba Machame, Rombo au Mwika. Kishawishi cha kuleta mzigo wa kopi kitakuwa kikubwa, na watakaoulizia watakuwa wengi. Mimi nimeshaweka Seiko tisa na Casio ishirini.

Moja kati ya hizo tisa imeshalipiwa. Ni ya yule kaka wa Marangu. Alinipigia wiki iliyopita, akaniuliza kama ninayo inayofaa mlimani. Nikamwambia kaka, hii inahimili matone, mvua kubwa ya msituni ivue uiweke mfukoni, na usiku wa Kibo beba na saa ndogo ya kengele. Akacheka. Akasema, "Sasa hiyo ndiyo saa ninayoitaka."

Wewe unauza nini ambacho hujawahi kukilalia siku tatu? Niandikie hapo chini. Na kama una mwenzako anayeuza kopi, mtumie hii kabla hajaagiza mzigo wa Krismasi.