Kubana au Kulehemu? Somo Nililolipata Fildi

Wenzangu wengi wamerudi kutoka fildi na stori za chaki na njaa. Mimi nimerudi na harufu ya plastiki iliyoungua.

Shule niliyopangiwa iko Ngorongoro, mbele ya geti la Loduare, pale lami ya kutoka Karatu inapokomea. Umeme wake ni wa sola: betri za volti 12, inveta, kompyuta chache na printa ya mitihani. Siku moja waya wa kutoka kwenye betri kwenda kwenye inveta ukakatika nchani. Kwa kuwa nasomea ualimu wa fizikia, nikajitolea. Nikamenya waya, nikazilehemu nyuzi zake kwa risasi mpaka zikawa kitu kimoja kinachong'aa, nikaichomeka ncha kwenye inveta na kukaza skrubu. Walimu wakanipongeza. Wiki mbili baadaye, tukiwa katikati ya kuchapa mtihani wa Kidato cha Pili, moshi!

Fundi mmoja wa Karatu, anayeshughulika na umeme wa magari ya watalii, aliiangalia ile ncha. "Mwalimu, skrubu imelegea." Nikamjibu, "Fundi, niliikaza mwenyewe na hakuna aliyeigusa." Akacheka. "Ni kweli hakuna aliyeigusa. Risasi ndiyo imekimbia."

Tuanze na hesabu. Wati 600 kwa volti 12 ni ampea 50. Joto kwenye kiungo ni mkondo mara mkondo mara ukinzani. Kiungo kibovu chenye ukinzani wa omu 0.01 tu kitatoa 50 × 50 × 0.01, yaani wati 25. Hiyo ni nguvu ya pasi ndogo ya kulehemu! Wati 600 hizohizo kwa volti 230 ni ampea 2.6 tu, na kiungo hichohicho hakitatoa hata wati moja. Na fyuzi? Haikukatika, maana mkondo haukuzidi. Fyuzi hailindi kiungo kibovu.

Sasa, risasi ni laini. Ikiminywa na skrubu hutambaa polepole, skrubu inalegea, ukinzani unapanda, joto linaongezeka, risasi inazidi kulainika. Ile ya kawaida ya mafundi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 183. Tena, risasi hupanda ndani ya nyuzi za waya na kuzikakamaza, hivyo waya ukitikiswa hukatikia pale ukakamavu unapoishia. Kwa gari linalopiga barabara ya vumbi kwenda Serengeti kila siku, hilo ni suala la muda tu.

Dawa yake ni lagi, kikombe cha shaba kinachovikwa ncha ya waya isiyo na risasi. Ukikibana kwa kifaa chake, chenye meno ya saizi ya lagi hiyo, nyuzi na kikombe vinagandamana mpaka hewa haipati njia, na kutu haina pa kuingilia. Ila usibane kwa plaizi wala nyundo, utaacha mianya na kurudi palepale. Kulehemu kuna mahali pake, hasa kwenye bodi za simu na redio.

Usidhani ni shida ya sola za kijijini tu. Mwaka 2022 kadi ya NVIDIA RTX 4090 ilitoka na plagi ya wati 600 kwa volti 12, yaani ampea 50 zilezile, zikigawanywa kwenye pini sita. Baadhi ya plagi ziliyeyuka, na kampuni ikasema tatizo mojawapo la kawaida ni plagi kutosukumwa hadi mwisho. Ugonjwa ni uleule: mgusano hafifu.

Ukifunga inveta geto, washa mzigo kisha pima kwa multimita volti kati ya waya na skrubu yake. Kiungo changu kingeonyesha karibu nusu volti. Kizuri huonyesha sehemu ndogo sana ya hapo.

Kesho yake niliichukua ile ncha iliyoungua nikaingia nayo darasani. Fomula ile nilikuwa nimeiandika ubaoni mara tatu. Siku hiyo ndiyo wanafunzi waliielewa, na mimi pia.