Kupiga picha ndege wanaoruka juu ya Ziwa Kivu: pesa iende kwanza kwenye lenzi

Kando ya Ziwa Kivu, ndege mvuvi mweusi na mweupe husimama hewani akipiga mabawa, kichwa kikitazama chini, kisha hujitupa majini. Hayo yote huchukua sekunde chache. Mpiga picha wa ndoa anayejaribu kumnasa kwa kamera yake ya kazi hurudi nyumbani na doa jeusi juu ya maji.

Kosa si la mkono wake. Ndege huyo ana urefu wa sentimita 25 hivi. Akiwa umbali wa mita 40, lenzi ya milimita 18-55 inayouzwa pamoja na kamera nyingi za bei nafuu, hata ikivutwa hadi mwisho, huingiza kwenye picha upana wa mita 16. Kwa lenzi ya milimita 400 juu ya kamera hiyohiyo, upana unashuka hadi mita 2 na kidogo, na ndege anachukua karibu sehemu moja ya tisa ya picha. Hapo jicho lake linaanza kuonekana.

Kwa hiyo mwenye akiba ndogo asikimbilie bodi mpya yenye megapikseli nyingi. Doa likikuzwa hubaki doa.

Lenzi za kutosha kwa kazi hii zipo, na nyingi si za jana. Canon ya milimita 400 f/5.6 ilitoka mwaka 1993, ina uzito wa kilo moja na robo, na mtu anaweza kuibeba mkononi asubuhi nzima. Haina mfumo wa kutuliza mtikisiko, lakini kwa ndege anayeruka hilo si tatizo kubwa. Nikon ya 200-500, ya mwaka 2015, inakaribia kilo 2.3 na inachosha bega. Faida yake ni kwamba unamtafuta ndege kwenye 200, ukishampata unavuta. Wanaoanza hupoteza ndege kwa sababu hiyo hasa: lenzi ndefu inaona sehemu ndogo sana ya anga.

Kuna mtego mmoja. Canon RF ya milimita 600 f/11 ni nyepesi, haifiki kilo moja, na inavutia. Lakini inapitisha robo tu ya mwanga unaopita kwenye f/5.6. Wakati wa mvua, mawingu yakifunika milima ya Kivu tangu asubuhi, picha zake zitajaa chembechembe.

Mwanga ni muhimu kwa sababu ya mwendo. Mwewe anayekwenda mita 10 kwa sekunde husogea sentimita 2 ukipiga kwa 1/500 ya sekunde. Kwa 1/2000 anasogea milimita 5 tu. Anza hapo, usishuke.

Upande wa bodi, kinachotafutwa ni fokasi inayofuata. Nikon D500 ya mwaka 2016 ina pointi 153 za fokasi na hupiga picha 10 kwa sekunde. Canon 7D Mark II ya mwaka 2014 ina pointi 65 na kasi hiyohiyo. Leo zote mbili hutafutwa mkononi mwa watu, kwani viwanda vimehamia kamera zisizo na kioo cha kuakisi. Hizo mpya, kama Canon R7 ya mwaka 2022, hutambua jicho la ndege na kulifuata zenyewe. Tofauti ni kubwa, mtu asidanganywe. Lakini zinakula umeme, na pale ambapo umeme hukatika kila mara, D500 yenye picha 1,240 kwa betri moja bado ina hoja.

Kabla ya kulipa dola, muulike lenzi kwa tochi ya simu: unyevu wa kando ya ziwa huotesha kuvu ndani ya vioo, na huonekana kama nyuzi za buibui. Kisha mwombe rafiki aje kwako kwa pikipiki huku ukipiga mfululizo. Ikiwa picha nyingi hazina makali, mrudishie mwenye mali kamera yake.

Na penye askari au karibu na uwanja wa ndege, lenzi ndefu ikae ndani ya mfuko. Kueleza kwamba ulikuwa unatafuta mwewe kunaweza kuchukua siku nzima.