Mashine ya Mahindi Ikishindwa Kupanda Boda, Sahau

Kama umelelewa Ndhiwa, Oyugis ama Rongo, hii kazi unaijua. Mahindi yanatiwa kwa gunia, unapewa rungu, unachapa mpaka mabega yanalia. Nikiwa mdogo nilidhani ni adhabu ya watoto wa Nai wakifika ushago. Kumbe mashine ndiyo hakuna.

Na si uchovu tu. Ukichapa, punje zinapasuka, na punje iliyopasuka ni mlango wazi kwa kuvu ya aflatoksini. Hiyo sumu huioni, na kupika haiimalizi. 2004 iliua watu 125 huko Ukambani. Novemba 2019 KEBS ikapiga marufuku brandi tano za unga, so hata wewe wa Umoja na paketi yako ya kilo mbili uko ndani ya hii stori.

Sasa, mashine ya bei ya mwananchi inaundwa aje? Wengi huchukua ile kubwa ya trakta, wanaipunguza saizi. Wrong! Msee wa ekari moja Migori akiinunua atafanya kazi siku mbili, halafu kuku watalala juu yake mwaka mzima.

Cheki Arusha. Global Cycle Solutions walianza 2009 na kamashine ka kupukuchua kanakofungwa kwa baiskeli. Baadaye Imara Tech wakaunda ya injini ndogo ya petroli, inapura mahindi, maharagwe hata mtama. Mtu mmoja ananunua, anazunguka nayo boma kwa boma, majirani wanamlipa kwa gunia. Hapo hesabu inaingiana.

Kazi ngumu ya fundi iko kwa puli. Injini ndogo hizi huzunguka mpaka mara 3,600 kwa dakika, na ukiiachilia hivyo kwa silinda ya meno unapata mahindi vipande vipande, afadhali ungebaki na rungu. Weka puli ya inchi 3 kwa injini na ya inchi 15 kwa silinda: unashuka hadi 720. Beringi na mkanda ziwe za kupatikana duka la spea hapo Migori mjini, si za kuagizwa China wakati mavuno yanaoza.

Lakini mahindi mabichi hayana mashine. Kabla ya gunia unyevu usizidi asilimia 13.5, na mvua ikinyesha Agosti hiyo ni noma. Kipimo cha bure: tia punje na chumvi kavu kwa chupa kavu, tikisa, ngoja dakika kumi na tano. Chumvi ikishika kwa kioo, rudisha mahindi juani.